Mtangazaji aliyewatafunia wajukuu lugha ya nyanya zao

JE, redio inaweza kuokoa lugha inayokufa? Swali hili huzuka kila ninapofundisha mada ya kufa kwa lugha, na kila mara wanafunzi hugawanyika pande mbili. Wapo wanaoshikilia kwamba lugha ikishapata kipindi chake hewani basi imepona. Wapo wanaosema redio ni kelele tu iwapo mama hamsemeshi mwanawe lugha hiyo nyumbani.

Leo nitalijibu swali hilo kwa kueleza kazi ya mtu mmoja, Larry Kimura wa Hawaii. Mtu huyu aliendesha kipindi cha redio katika lugha iliyokuwa ukingoni mwa kaburi, kisha akawa miongoni mwa waliowafungulia watoto shule za kuifufua. Kazi yake inaonyesha kwamba kila upande wa mjadala wetu una nusu ya ukweli. Redio pekee haikukiokoa Kihawaii. Lakini bila redio ile, shule zilizokuja baadaye zingekuwa maskini kuliko zilivyo.

Wakenya wengi wanavijua visiwa vya Hawaii kwa sababu ya Barack Obama. Baba yake alitoka Kenya mwaka 1959 kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Hawaii, na mwana akazaliwa jijini Honolulu mwaka 1961. Tusichokijua sana ni kwamba mwaka huohuo wa 1959, Hawaii ilipofanywa jimbo la Marekani, lugha ya wenyeji wa visiwa hivyo ilikuwa tayari imebaki vinywani mwa wazee.

Haikuwa hivyo tangu hapo. Katika karne ya 19, Kihawaii kilikuwa lugha ya ufalme. Kilitumika bungeni, mahakamani, kanisani na shuleni. Kati ya 1834 na 1948 yalichapishwa takriban magazeti 100 tofauti tofauti kwa lugha hiyo. Hebu fikiria: watu wachache wa visiwani, magazeti 100! Ndani yake mlikuwa na habari, tenzi, ngano, nasaba za wafalme na barua za wasomaji wakilumbana.

Kisha dola ikabadilika. Mwaka 1893 Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa, na wakubwa waliotwaa serikali wakapitisha sheria mwaka 1896 iliyofanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote. Sheria hiyo haikusema kwamba ni haramu kuzungumza Kihawaii sokoni au nyumbani. Haikuhitaji kusema. Watoto waliadhibiwa shuleni kwa kukitumia, na walipokuwa wazazi wakaamua kuwaepushia watoto wao adhabu ile. Msomaji aliyepitia shule zetu za zamani, ambako mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, hahitaji kuelezwa zaidi.

Larry Kimura alizaliwa mwaka 1946 huko Waimea, katika kisiwa kikubwa kinachobeba jina la Hawaii. Mama yake alikuwa Mhawaii, baba yake mwenye asili ya Japani. Wazee wa upande wa mama walizungumza Kihawaii wao kwa wao, lakini kizazi cha akina Kimura kililelewa kwa Kiingereza. Yeye alikuwa mmoja wa wachache walioamua kuisoma kwa makusudi lugha ambayo wangepaswa kuipata bure. Alijifunza shuleni, akaendelea chuoni, na hatimaye akawa mwalimu wa Kihawaii katika Chuo Kikuu cha Hawaii mjini Honolulu.

Hapo ndipo alipokumbana na tatizo ambalo kila mwalimu wa lugha ndogo hulijua. Wanafunzi walikuwapo, vitabu vya sarufi vilikuwapo, kamusi nzuri ilikuwapo. Kilichokosekana ni mazungumzo. Mwanafunzi angeweza kunyambua sentensi darasani, ila hakuwa amewahi kumsikia mtu akinunua samaki, akisengenya, akichekesha au akiomboleza kwa Kihawaii.

Sarufi ya Kihawaii yenyewe inaonyesha kwa nini jambo hili lilikuwa zito. Lugha hiyo ina aina mbili za umilikishi. Mtu anaposema ‘mtoto wangu’ hutumia kaʻu keiki, lakini anaposema ‘mama yangu’ husema koʻu makuahine. Kwa jumla, kile ambacho mtu amekianzisha mwenyewe huchukua umbo la kwanza. Kile alichokikuta au alichozaliwa nacho huchukua la pili. Kanuni hii unaweza kuiandika ubaoni kwa dakika tano. Lakini kuitumia bila kufikiri, pamoja na mifano yake isiyotabirika, kunatokana na sikio lililozoea. Ni sawa na ngeli zetu. Hakuna mtoto wa Lamu aliyefundishwa kwamba ni ‘kitabu changu’ wala si ‘kitabu yangu’. Alisikia tu.

Isitoshe, Kihawaii kina konsonanti ambayo ni mkato wa pumzi kooni, nayo huandikwa kwa alama inayofanana na koma iliyogeuzwa. Wasioijua huidharau. Kumbe koʻu ni ‘-angu’ na kou, bila mkato, ni ‘-ako’! Nasi tuna kisa kama hicho: ritifaa ndiyo inayotenga ng'oa, yaani kutoa kitu ardhini, na ngoa, yaani wivu au matamanio. Magazeti mengi ya kale ya Kihawaii hayakuandika alama hiyo kwa sababu wasomaji waliijua kwa masikio. Wazee wanapokufa, nani atamwambia msomaji wa leo asome vipi?

Mwaka 1972 Kimura alianzisha kipindi kwenye kituo cha KCCN jijini Honolulu, kituo kilichojulikana kwa muziki wa Hawaii. Kipindi kiliitwa Ka Leo Hawaiʻi, yaani Sauti ya Hawaii, na kilipeperushwa Jumapili. Muundo wake haukuwa na makuu. Mtangazaji alimkaribisha mzee studioni, mara nyingi mtu wa kawaida asiyejulikana nje ya kijiji chake, wakazungumza kwa Kihawaii kuhusu mahali alikozaliwa, wazazi wake, uvuvi, kilimo, nyimbo, majina ya pepo na mvua za kwao. Wasikilizaji walipiga simu wakajiunga na mazungumzo, nao pia kwa Kihawaii.

Tusiyadharau mambo haya mawili: mzee wa kawaida, na simu ya msikilizaji. Kwa miaka mingi wazee hao walikuwa wameambiwa kwamba lugha yao haina faida. Sasa profesa kijana anawapa maikrofoni na kuwauliza maswali kwa heshima, na mji mzima unasikia. Lugha iliyofungiwa jikoni imetoka barazani. Nayo simu ilifanya kitu ambacho kanda ya mtafiti haiwezi: ilikutanisha wasemaji waliotawanyika katika visiwa na mitaa, kila mmoja akidhani amebaki peke yake, wakajua kumbe bado wapo wengine.

Ufundi wa mtangazaji katika kazi kama hii ni kujua kunyamaza. Kimura alikuwa mwanafunzi mbele ya wageni wake. Alimwacha mzee aende kwa mwendo wake, akauliza ‘wa wapi huyo?’ na ‘mliiitaje samaki hiyo?’, akarudisha neno lililompita. Wasikilizaji waliokuwa wakijifunza lugha walifaidika kwa sababu mtangazaji aliuliza yale ambayo wao wangeuliza. Kipindi kiliendelea hivyo hadi mwishoni mwa miaka ya themanini, na kanda zake, mamia ya saa, zikahifadhiwa.

Hapa lipo neno ambalo kila mpenzi wa lugha anapaswa kulijua. Mzungumzaji asilia wa Kihawaii huitwa mānaleo, na Kimura ni miongoni mwa waliolibuni neno hilo katika miaka ya sabini. Leo ni sauti au lugha. Māna ni chakula ambacho mtu mzima hukitafuna kwanza, kisha akamlisha mtoto asiyekuwa na meno. Kwa hivyo mānaleo ni mtu aliyepokea lugha kutoka kinywani mwa mwingine, ikiwa imetafunwa na kulainishwa. Istilahi yetu ya ‘mzungumzaji asilia’ ni sahihi, lakini ni kavu mbele ya picha hiyo. Neno lao linamtaja aliyelishwa na wakati huohuo linatukumbusha aliyelisha.

Na picha hiyohiyo ndiyo inayofichua upungufu wa redio. Redio inasikika kinywani mwa mtu, lakini hailishi. Msikilizaji mtu mzima anaweza kujinoa kwa kusikiliza kila Jumapili. Mtoto wa miaka mitatu hapati lugha kwa njia hiyo. Anaipata kwa anayemwogesha, anayemkanya na anayembembeleza. Kufikia mwanzo wa miaka ya themanini, ukiacha kisiwa kidogo cha Niʻihau ambako familia chache bado zililea watoto kwa Kihawaii, wasemaji asilia walikuwa nyanya na babu. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watoto waliokijua hawakufika 50. Wageni wa kipindi walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine, na hapakuwa na wa kuwarithi.

Wapo watangazaji ambao wangeridhika na sifa za kipindi. Mwaka 1983 Kimura na wenzake wachache, wengi wao walimu wa Kihawaii, waliunda shirika la ʻAha Pūnana Leo, naye akawa rais wake wa kwanza. Pūnana leo maana yake ni kiota cha lugha. Wazo walilipata kwa Wamaori wa New Zealand, ambao mwaka 1982 walianza shule za chekechea zinazoendeshwa kwa Kimaori tupu. Miongoni mwa waanzilishi wa Hawaii walikuwamo William Wilson na Kauanoe Kamanā, mume na mke ambao wote wawili walijifunza Kihawaii ukubwani lakini wakaamua kuwalea watoto wao kwa lugha hiyo. Hao hawakungoja serikali.

Chekechea ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1984 huko Kekaha katika kisiwa cha Kauai, mahali wanapoishi watu waliotoka Niʻihau. Kanuni ilikuwa moja: mtoto akivuka kizingiti, ni Kihawaii, kuanzia salamu hadi kwenda msalani. Sheria hazikuwaruhusu kwa urahisi. Kanuni za leseni zilidai walimu wenye vyeti vya malezi, na wazee waliokuwa na lugha hawakuwa na vyeti. Hebu ona kichekesho: katiba ya jimbo ilikuwa imekitambua Kihawaii kuwa lugha rasmi tangu 1978, ilhali shule ya umma haikuruhusiwa kufundishia kwa lugha hiyohiyo rasmi. Wazazi na walimu walilishawishi bunge la jimbo kwa miaka mitatu hadi vikwazo vikaondolewa mwaka 1986. Mwaka uliofuata, madarasa ya kwanza ya umma yanayofundishwa kwa Kihawaii yakaanza. Kundi la kwanza lililosoma kwa lugha hiyo hadi mwisho wa sekondari lilihitimu mwaka 1999.

Somo la kwanza kwa wanaharakati wetu ni hilo. Kifungu cha katiba ni mlango tu. Kama hakuna mtu wa kuupitia akiwa na mtoto mkononi, mlango unabaki kuwa pambo.

Mtoto akianza kusoma, mahitaji mapya huzuka. Utafundishaje sayansi kwa lugha ambayo haikuachwa ikue kwa miaka 90? Kamati ya msamiati iliundwa mwaka 1987 kubuni istilahi, na Kimura akawa mmoja wa waliotumikia kazi hiyo. Kompyuta ikaitwa lolouila, kutokana na maneno ya ubongo na umeme. Sisi ambao tumelumbana miaka na mikaka kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta tunajua kwamba neno haliishi kwa kuwa limeundwa vizuri. Linaishi kwa kuwa kuna watu wenye haja nalo kila siku. Hawaii walikuwa na watoto darasani wakilisubiri.

Kimura pia alitunga mashairi ya nyimbo, ukiwemo wimbo wa mapenzi uitwao E Kuʻu Morning Dew ambao mwanamuziki Eddie Kamae aliutilia sauti. Wapenda muziki wa Hawaii wanaujua hata wasiojua kwamba aliyetunga maneno yake ni mwalimu wa lugha. Alihamia mji wa Hilo, ambako mwaka 1997 kilianzishwa chuo cha kitivo kizima kinachoendesha shughuli zake kwa Kihawaii, na akahitimu shahada ya uzamifu akiwa na zaidi ya miaka 60. Vijana mnaodhani miaka 35 ni uzee wa kurudi chuoni, mpo?

Aprili 2019, wanasayansi walipotoa picha ya kwanza ya shimo jeusi la angani, lililo katika galaksi ya M87, darubini mbili zilizoko katika mlima Maunakea, Hawaii, zilikuwa zimeshiriki kazi hiyo. Wanaastronomia walimwendea Kimura awape jina. Aliwapa Pōwehi, kutoka katika utenzi wa kale wa uumbaji uitwao Kumulipo. Ni kiza kikuu kilichopambwa, chimbuko la uumbaji usiokoma. Lugha iliyosemekana kuwa haifai hata kwa hesabu za darasa la kwanza ikatoa jina kwa kitu kilicho umbali wa miaka ya nuru milioni 55.

Mafanikio si haba. Ripoti ya serikali ya jimbo ya mwaka 2016, iliyotumia takwimu za sensa, ilionyesha zaidi ya watu 18,000 waliosema wanazungumza Kihawaii nyumbani. Hata hivyo, mtaalamu hapaswi kufunga macho. Wengi wa hao walijifunza kwa walimu ambao nao walijifunza ukubwani. Wapo wasomi wa Kihawaii wanaolalamika kwamba Kihawaii cha chuoni kimejaa mikondo ya Kiingereza, matamshi yake si ya wazee, na wenyeji wa Niʻihau wakati mwingine hukiona kigeni. Malalamiko hayo ni ya kweli. Ni gharama ya mnyororo uliokatika pete moja katikati.

Na hapa ndipo zile kanda za redio zinaporudi na kudai heshima yake. Mazungumzo ya Ka Leo Hawaiʻi sasa yamewekwa kwenye hifadhi ya kidijitali iitwayo Kaniʻāina ya Chuo Kikuu cha Hawaii kule Hilo, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasikiliza. Mwalimu kijana anayetaka kujua mzee wa Kauai alitamkaje neno fulani, au alitumia kaʻu au koʻu, hana haja ya kubahatisha. Nyanya aliyefariki miaka 40 iliyopita bado anaweza kumsahihisha. Redio haikuweza kumzaa msemaji mpya, lakini ilimhifadhia kipimo cha usemi wake. Shule ilimzaa msemaji, lakini bila kipimo hicho angejisemea lugha ya kitabuni.

Kwa hivyo wanafunzi wangu wanaobishana wamepata jibu. Lugha inayofufuliwa huinjikwa juu ya mafiga matatu: sauti ya wazee iliyohifadhiwa, mtoto anayelelewa ndani ya lugha, na sheria isiyomzuia. Ukitoa figa moja, chungu kinamwagika.

Tukigeukia kwetu, Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 7 inaiagiza serikali kulinda uanuwai wa lugha na kukuza lugha za kiasili. Aidha, tangu Kameme FM ianze mwaka 2000, vituo vinavyotangaza kwa lugha za jamii vimeongezeka kweli kweli. Lakini soko la matangazo ya biashara halimjali mwenye lugha ndogo. Wayaaku wa Mukogodo kule Laikipia walihamia Kimaasai. Waelmolo wa Ziwa Turkana walihamia Kisamburu. Hakuna mfanyabiashara atakayewafungulia hao kituo kwa kutafuta faida. Kimura naye hakuingia studioni kwa kutafuta faida. Alikuwa na chuo kikuu, wanafunzi, saa chache za Jumapili na ari.

Sisi wa Kiswahili tuna deni la pekee katika jambo hili. Lugha yetu ni kubwa, na lugha kubwa humeza ndogo hata bila nia mbaya. Hakuna ubaya Mkenya kukijua Kiswahili barabara. Ubaya ni kudhani kwamba ili akijue sharti asahau alichotafuniwa na nyanya yake. Idara zetu za Kiswahili na isimu zina walimu na wanafunzi wa kutosha kuanza kazi ambayo haihitaji bajeti ya bunge. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, simu moja ya kunasa sauti, mzee mmoja, saa moja kila wiki kwenye redio ya jamii iliyo karibu, na mtu wa kuhakikisha kwamba rekodi hazifutwi ili kupisha nyimbo mpya.

Watangazaji nao wajue kwamba kila mzee anayealikwa studioni ni maktaba. Akishaondoka, usiulize tu wasikilizaji walikuwa wangapi. Uliza mazungumzo yale yamehifadhiwa wapi, na mtoto gani atayasikia akishapata masikio ya kuyaelewa.